Matembezi kwa hesabu ya mwezi

Mwanzoni mwa Agosti 2023 shangazi yangu aliteremka Mombasa kutoka Maskati, yeye na mwanawe, mkaza mwanawe na wajukuu wanne, mkubwa wa miaka kumi na mitano na mdogo wa mitatu. Huko kwao Agosti ni joto lisilosemeka na shule zimefungwa, kwa hivyo mwenye nauli hukimbia. Walikodi nyumba ya likizo Bamburi, ukitoka lango la nyuma unakanyaga mchanga. Usiku wa kwanza tu binamu yangu akanitolea karatasi aliyopewa na msimamizi wa nyumba: Wasini, Tsavo Mashariki, Shimba Hills, Gede na Watamu, Fort Jesus na Mji wa Kale, Haller Park, boti ya kioo. Kila moja na bei yake kwa dola, na yeye keshatia tiki zote. Alitaka waanze na Wasini kesho yake asubuhi.

"Leo mwezi ngapi?" nikamuuliza.

Akatazama simu, akanitajia tarehe ya Agosti. Shangazi, aliyekuwa akimenya machungwa, akajibu kwa hesabu ya Kiislamu bila kuinua kichwa: "Kumi na tano, Mfunguo Nne," yaani Muharram.

Basi ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na Wasini ikafutwa pale pale kwa wiki ile.

Mgeni huchagua matembezi kwa picha na bei. Mombasa ukitaka kwenda baharini na watoto, la kwanza ni maji, la pili upepo, bei baadaye. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji hapa hupwa hadi mwisho yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Kwa hivyo wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo huwa yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na kupwa kwake si kwa mbali, tofauti ni mita moja na kitu. Mwenye tarehe ya Kiislamu kichwani hahitaji jedwali la bandari kujua haya, ingawa jedwali ni vizuri kuwa nalo kwa dakika zenyewe.

Kwa safari ya Shimoni, kwenye gati la kuvukia kisiwa cha Wasini, hiyo si hesabu ndogo. Ukienda kwa bamvua unafika gatini wakati maji yanakimbia: ngazi zina utelezi wa mwani, mashua imekaa chini sana, na ng'ambo kijijini Wasini huenda mkashushwa mbali mkatembea juu ya mawe makali. Mkondo wa Wasini nao huvuta. Shangazi ana magoti mabovu na mdogo bado ni wa kubebwa. Ukienda kwa maji mafu unapanda mashua kama unayepanda gari, mkondo ni mpole, na maji hayana vumbi jingi la mchanga, mtu akitazama chini anaona. Unachopoteza ni lile fungu la mchanga la Kisite, hifadhi ya baharini ya huko, ambalo huibuka vizuri maji yanapopwa sana. Binamu yangu alilisikitikia, maana ndilo lililokuwa kwenye picha.

Upepo ndio uliobaki. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Ndani ya mwamba, Bamburi na Nyali, bahari inavumilika, lakini Kisite iko wazi na kusi hupanda kadiri jua linavyopanda. Dawa yake ni kutoka mapema na kumwambia nahodha tangu siku ya kuweka nafasi kwamba bahari inatangulia na chakula kinafuata. Mawakala wengine hupenda kupindua, kwa sababu jikoni kunakuwa na zamu. Hilo likatae.

Tukaipanga upya karatasi. Siku za bamvua zikapewa yanayofaa maji yakiwa nje: asubuhi moja kutembea mwambani na boti ya kioo, tukiondoka kabla maji hayajafika mwisho ili boti isikwame, asubuhi nyingine Fort Jesus. Hapo shangazi hakutaka kusikia habari ya kupumzika nyumbani. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, lakini kwa familia ya Oman kisa kinaanza Machi 1696, ilipozingirwa, hadi ilipotekwa Desemba 1698. Ndani yake kuna Nyumba ya Waomani yenye vyombo na mapambo ya fedha. Binamu alikuwa ameipangia saa moja. Ipe mbili, na ingia saa mbili asubuhi, kwani uwanja wa katikati hauna kivuli na ikifika saa tano mawe yanakurudishia joto lote.

Tsavo ndiyo iliyoleta ubishi. Lango la Bachuma liko karibu kilomita mia moja kutoka Mombasa, na kwenye ramani huonekana ni hapo tu. Lakini barabara hiyo ndiyo ya malori yote ya bandarini. Safari ya siku moja maana yake ni kutoka saa kumi alfajiri na kurudi baada ya magharibi, na saa zote za katikati mko ndani ya gari lililofunguliwa paa, vumbi jekundu likiingia. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa vumbi hilo hilo. Mtoto wa miaka mitatu hutazama tembo wa kwanza, wa pili, kisha anataka kwenda nyumbani, na nyumbani bado ni masaa mengi mbele. Nikashauri familia igawanywe: binamu na wale wakubwa wawili waende, waliobaki waende Haller Park, dakika kumi kutoka walipofikia. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Tangu 1971 pakaoteshwa mivinje, jongoo wakaachiwa wayameng'enye majani yawe udongo, na sasa mtoto analisha twiga kwa mkono wake. Mke wa binamu alikubali kabla sijamaliza kusema.

Kuweka nafasi ya Shimoni kulichukua muda kuliko kuichagua. Msimamizi wa nyumba alikuwa na bei yake. Ufukweni bichi boi mmoja, kijana wa kuwauzia watalii safari, akatoa karibu nusu ya hiyo. Wakala wa mjini akawa katikati. Bei zinafanana na mnada mpaka uulize kilichomo ndani. Tuliuliza wote watatu maswali yale yale: kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo? Gari linatuchukua nyumbani au tunakutana Likoni? Chakula ni kwa kila kichwa, na mtoto analipa nini? Miwani na mipira ya kupumulia imo? Mashua ni yetu peke yetu au tunachanganywa na watu? Jaketi za uokozi za watoto zipo ngapi? Bei ya bichi boi haikuwa na kiingilio wala gari, na ukiviongeza anampita wakala. Kuhusu jaketi alijibu, "Zipo, hamna wasiwasi," bila idadi. Tukamshukuru.

Kiingilio chenyewe hupangwa kwa uraia. Shirika la Wanyamapori lina kiwango cha raia, cha mkaazi na cha mgeni, na mgeni hulipa kwa dola, mara kadhaa ya raia. Langoni hawapokei fedha taslimu, ni simu au kadi. Binamu na wanawe wana pasipoti za Oman, basi ni wageni. Lakini shangazi kitambulisho chake cha Kenya hajakiacha. Alikitoa kwenye fundo la leso, kimepauka, pembe moja imemeguka. Nikamwambia asikisahau siku hiyo, maana picha ya simu haitoshi, wanataka chenyewe.

Wakala wa mjini alilipwa arubuni ya theluthi, kwa namba ya malipo ya biashara yake badala ya simu ya mtu. Kwenye risiti tukamwandikisha matatu: jina la mashua, kwamba bahari inatangulia, na kwamba tukiahirisha zaidi ya saa ishirini na nne kabla, arubuni inarudi yote. Alisita kidogo kwenye la tatu, kisha akaandika. Risiti hiyo hiyo ikabeba na safari ya Shimba Hills.

Siku ya maji mafu tukatoka Bamburi saa kumi na nusu usiku. Wakati huo barabara ya Dongo Kundu ilikuwa haijaunganishwa hadi kusini, kwa hivyo njia ilikuwa feri tu, na foleni ya Likoni huanza kunenepa kuanzia saa kumi na mbili. Sala ya alfajiri tuliiswali ng'ambo. Ukunda, Msambweni, kisha kukata kushoto kuelekea Shimoni. Saa mbili na kitu tuko gatini na maji yako juu. Karani wa lango alikigeuza kile kitambulisho, akamtazama shangazi, akamrudishia kwa mikono miwili.

Kabla ya kung'oa nanga watoto walivalishwa jaketi hapo hapo gatini. Kuna jaribio dogo: mfungie mtoto mikanda, kisha mshike mabegani pa jaketi umwinue. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, majini litamvuka. La yule wa miaka sita lilipanda. Baharia akaleta jingine lenye mkanda wa kupita kati ya miguu. Miwani nayo hujaribiwa bila kamba: ibandike usoni, vuta pumzi kwa pua, ikishika bila mkono, inakufaa. Ya binamu haikushika hata mara moja, kwa ajili ya masharubu. Nahodha akamtolea mafuta ya mgando ayapake juu ya mdomo, na maji hayakuingia tena.

Shangazi, mkaza mwanawe na mdogo walishushwa Wasini kwanza, tulivyoagana na wakala. Kisiwa hakina gari, na kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita kati ya mikoko na majabali ya matumbawe ya kale. Mbao nyingine zimeachana, fimbo inazama, kwa hiyo alitembea ameshika bega la mwenyeji. Sisi tukaenda Kisite. Waliokula mkate mkavu na tangawizi nyumbani walikaa sawa; yule wa pili, aliyekunywa maziwa matupu garini, alichafukwa na moyo mapema. Vidonge vya bahari humezwa nusu saa kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika havikai tumboni. Alihamishwa nyuma karibu na katikati, ambako mashua hairuki sana, akaambiwa atazame upeo wa bahari na si miguu yake. Pomboo walipotokea, nahodha alipunguza mashine akawaacha wapite wenyewe. Mashua nyingine ilikuwa ikiwafukuza, na wakazama wakaenda zao.

Saa sita kusi ilikuwa tayari imetia povu juu ya mawimbi. Tulikuwa tumekwisha oga, tunarudi Wasini kwenye kaa na wali wa nazi.

Safari ya Shimba Hills haikufanyika. Kwenda maporomoko ya Sheldrick ni mteremko wa miguu na askari wa hifadhi, na kurudi ni kupanda. Baada ya Shimoni magoti ya shangazi yalivimba na watoto wakakataa kuachana na ufukwe. Binamu alimpigia wakala siku mbili kabla. Wakala akataka kukata nusu kwa ajili ya dereva aliyekwisha kodiwa. Binamu akaipiga picha risiti, akamtumia, na kabla ya adhuhuri pesa zikarudi zote.