Baba wa Onomichi

Wiki hii nimeitazama tena Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, filamu ya Kijapani aliyoiongoza Yasujiro Ozu mwaka 1953. Mara ya kwanza nilimlilia mama. Safari hii macho yangu yalimfuata baba, Shukichi Hirayama, mzee wa miaka sabini hivi kutoka mji wa bandari wa Onomichi, ambaye aliigizwa na Chishu Ryu kabla mwigizaji huyo hajatimiza hata miaka 50.

Shukichi na mkewe Tomi wanasafiri kwa treni kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Koichi ni daktari wa watoto, na nyumba yake ndiyo zahanati yake. Shige ana saluni. Jumapili ambayo wazee wangetembezwa mjini, mtoto mmoja anazidiwa na Koichi hana budi kwenda kumtibu. Baadaye Koichi na Shige wanachanga fedha na kuwapeleka wazazi wao Atami, kwenye chemchemi za maji moto, kwa kuwa wamepiga hesabu na kuona kwamba hiyo ni nafuu kuliko kuwakirimu nyumbani. Lakini usiku kelele za muziki na za wacheza kamari zinawanyima usingizi, na asubuhi wanaketi juu ya ukuta wa baharini wakikubaliana kwamba ni wakati wa kurudi kwao. Anayewatunza kwa moyo ni Noriko, mkamwana wao, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani miaka minane nyuma, ambaye katika chumba chake kimoja hana hata pombe ya kumkaribishia baba mkwe, hivyo anakwenda kuiazima kwa jirani.

Shige ndiye ambaye watazamaji humchukia, nami nilimchukia. Anamgombeza mumewe kwa kuwanunulia wazee keki za bei kubwa. Mama anapokuwa mahututi, anashauriana na Koichi kama wabebe nguo za msiba. Na siku ya mazishi, wangali mezani, anaomba kimono na mshipi wa marehemu.

Hata hivyo kuna tukio moja ambalo zamani lilinipita. Usiku wa manane polisi anamrudisha Shukichi akiwa amelewa pamoja na rafiki yake wa zamani, nao wanajitupa kwenye viti vya saluni na kusinzia. Shige, kwa hasira, anamweleza mumewe kwamba baba yake alikuwa akirudi hivyohivyo miaka ile, akimtesa mama, na kwamba aliacha pombe pale tu alipozaliwa Kyoko, kitinda mimba. Ni maneno machache, na Ozu hayarudii tena, lakini kwangu yaliibadilisha filamu nzima. Mzee mpole tunayemhurumia kwa saa mbili na zaidi siye baba aliyemlea Shige. Kyoko, mwalimu anayeishi na wazazi Onomichi na kuwalaumu wakubwa zake kwa uchoyo, alikulia katika nyumba ambayo pombe ilikuwa imekwisha kutoka. Yeye na dada yake wanamwita mtu mmoja baba, lakini kila mmoja ana baba yake. Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapoisimulia kama filamu ya watoto wasio na fadhila.

Kamera ya Ozu imewekwa chini, kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na kutoka hapo inamsikiliza kila mmoja bila kumkaripia. Shukichi naye halalamiki. Kila anakofikia anashukuru, na anasema wamekirimiwa vizuri.

Hapo ndipo nilipoisimamisha filamu. Baba yangu alipokuja kunitembelea Dar es Salaam, na kiroba cha machungwa kutoka Muheza, nilimwachia televisheni asubuhi na kurudi usiku wakati amekwisha lala. Siku ya sita alisema anataka kwenda kuangalia shamba, na mimi, Mungu anisamehe, nilimkatia tiketi jioni ileile. Kituoni alinishika mkono akasema, "Nimekaa vizuri, mwanangu." Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa kwepesi.

Tomi anafariki muda mfupi baada ya safari ile. Watoto wa Tokyo wanaondoka haraka, Noriko anabaki siku chache zaidi, na Shukichi anampa saa ya marehemu, akimsihi aolewe tena na kukiri kwamba yeye, asiye damu yao, amewatendea mema kuliko watoto wao wenyewe.

Mwanzoni mwa filamu, jirani aliwasalimu wazee wawili dirishani wakifunga mizigo ya safari. Mwishoni anapita dirishani palepale. Shukichi, upepeo mkononi, anamwambia kwamba laiti angalijua, angalimtendea mkewe kwa upole zaidi alipokuwa hai, na kwamba ukiwa peke yako siku huwa ndefu. Jirani anakwenda zake. Mahali alipoketi Tomi siku ile ya kufunga mizigo ni patupu, na nje mashua inapita bandarini.