Wodi na maabara kwa ratiba moja: nilivyounganisha udaktari na uzamivu Bagamoyo

Anayetaka kuwa daktari na mtafiti kwa pamoja hapa kwetu Tanzania kwa kawaida hakuti mlango mmoja wa kuingilia. Marekani, serikali imekuwa ikigharimia mafunzo ya namna hiyo tangu 1964: mwanafunzi husoma udaktari miaka miwili ya mwanzo, huingia maabara miaka mitatu au minne, kisha hurudi kumalizia wodini, na safari nzima huchukua kama miaka 8. Sisi tunaunga vipande wenyewe. Udaktari miaka 5, intanishipu mwaka 1, uzamili miaka 3 au zaidi, ndipo chuo kikufikirie kwa uzamivu (PhD). Kila kipande kikienda njia yake, miaka inaisha bila utafiti kusimama. Mimi niliviunga kwa swali moja.

Swali lilitoka wodi ya watoto: kwa nini watoto wa kijiji kimoja, wanaoumwa na mbu walewale, mmoja anakaa na vimelea vya malaria bila hata homa na mwenzake analetwa akiwa mweupe kwa kupungukiwa damu? Tasnifu ya uzamili ikabeba sehemu ndogo: nani analazwa, ana vimelea vingapi, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ngapi. Uzamivu ukaendelea pale pale, kwenye chembe za kinga. Nilipoandika pendekezo la pili nilikwishajua masika inaleta watoto wangapi na kiangazi wangapi, kwa hiyo idadi ya washiriki niliikokotoa kwa takwimu za Bagamoyo yenyewe, nikaongeza asilimia 15 kwa sababu familia huhama kufuata mashamba.

Hapo hapo nilijifunza jambo ambalo fomu ya ridhaa haisamehe. Fomu yangu ya kwanza ilimwomba mzazi damu ya kipimo cha siku ile tu. Haikutaja kuhifadhi masalia, na sampuli zote zile hazikutumika kwa uzamivu. Fomu iliyofuata ilikuwa na visanduku viwili vilivyotengana: ridhaa ya kipimo cha leo, na ridhaa ya kuhifadhi kwa tafiti za baadaye. Mzazi anaweza kukubali cha kwanza na kukataa cha pili, na mtoto wake anatibiwa vilevile. Iandikwe kwa Kiswahili cha kusemwa kijijini, isomwe kwa sauti, na asiyejua kusoma awe na shahidi wake mwenyewe.

Vibali nilivianza miezi minane kabla ya tone la kwanza la damu: kamati ya maadili ya chuo, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya na watendaji wa vijiji. Ukijaribu dawa au chanjo, unapita pia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sampuli zikivuka mpaka, kunahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli, na huo nauona mgumu kuliko vyote kwa sababu wanasheria wa pande mbili lazima wakubaliane. Cheti cha maadili hudumu mwaka mmoja. Weka tarehe ya kukihuisha miezi mitatu kabla hakijaisha.

Sasa ratiba, ambayo wengi huijenga kuanzia kwenye zamu za wodi. Mimi niliijenga kuanzia kwenye damu, maana damu haisubiri mtu.

Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800. Kiwango cha tahadhari ni kutozidi asilimia 1 kwa mara moja, yaani mililita 8, na asilimia 3 kwa wiki nne. Niliomba mililita 5. Kila mililita hutoa chembe za kinga kama milioni moja, pengine mbili, kwa hiyo vipimo vyote lazima vitoshe ndani ya milioni tano. Chembe hizo zinapaswa kutenganishwa ndani ya saa nane tangu sindano itoke. Damu ikitolewa kijijini Kiwangwa saa tatu asubuhi, gari linaingia Bagamoyo mjini karibu saa tano, na kazi ya maabara inaanza. Damu isiwekwe kwenye barafu. Baridi huharibu utengano. Iwe kwenye mirija yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndani ya boksi lisilopigwa jua.

Unamimina damu iliyozimuliwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia chembe, mrija ukiwa umelazwa kidogo, hadi uone mstari safi kati ya vimiminika viwili. Kisha sentrifuji, mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi, kwa nguvu ya 400 g (mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 30, breki imezimwa. Breki ndiyo inayowaangusha wageni: mashine ikisimama ghafla, utando mweupe wa chembe unatibuka na kuchanganyika na vilivyo juu na chini yake, na damu ya mtoto wa mtu imepotea bure. Nilibandika neno BREKI kwa herufi nyekundu kwenye mfuniko wa mashine. Baadaye chembe huoshwa mara mbili, huhesabiwa, hugandishwa kwenye boksi linaloshusha joto nyuzi moja kwa dakika ndani ya friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, na kesho yake huhamia kwenye naitrojeni ya kimiminika. Jenereta tulilijaribu kila Ijumaa likiwa limebeba friza kweli, si likinguruma tu.

Kazi hiyo inakula siku nzima. Kwa hiyo Jumanne na Alhamisi zikawa za maabara. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa za wodi, na usiku wa zamu haukuangukia Jumatatu wala Jumatano. Mpango huo uliandikwa ukasainiwa na mganga mfawidhi pamoja na wasimamizi wangu wawili, mmoja wa kliniki, mmoja wa maabara. Makubaliano ya mdomo huvunjika siku mwenzako anapougua. Nilikuwa pia na daktari wa kubadilishana naye zamu, na fundi sanifu aliyefunzwa hatua zote. Timu ya kijijini haikumchoma mtoto yeyote kabla ya kupiga simu saa moja asubuhi na kuthibitisha kuwa mmoja wetu yuko maabara. Hakuna jibu, hakuna sindano. Naliona hili ni deni kwa wazazi, si suala la utaratibu tu.

Slaidi, vile vioo vya damu vya kutafutia vimelea kwa darubini, zilisomwa na watu wawili bila kuonana, wa tatu akiitwa wakitofautiana. Ili kusema hakuna vimelea, sehemu 100 za tone nene zitazamwe. Bagamoyo na Korogwe zilikuwa kati ya vituo 11 vya nchi 7 vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo WHO iliipendekeza 2021, na usomaji wa namna hiyo ndio uliobeba majibu yake.

Leseni ya udaktari niliihuisha kila mwaka pamoja na alama zake za mafunzo endelevu, hata mwaka wa kuandika. Tasnifu niliiandika kwa makala, ya kwanza ikipelekwa jaridani wakati sampuli za mwisho bado ziko kwenye naitrojeni. Majibu yalirudi Kiwangwa na Yombo kwanza, kwenye mkutano wa kijiji, na fomu za kisanduku cha pili mkononi kwa mzazi anayetaka kubadili uamuzi.