Nilivyotatua: seva ya antivirusi kuonyesha kompyuta moja tu ya ofisi

Hatimaye kompyuta zote za ofisi zinaonekana kwenye seva ya antivirusi, yaani kompyuta kuu inayosimamia antivirusi za mashine zote, kwa hiyo naandika ili mwingine asisumbuke. Antivirusi ilikuwa inafanya kazi kwenye kila mashine, lakini seva ilionyesha kompyuta moja tu. Nilikagua mtandao, nikafungua poti kwenye fayawoli, nikazima na kuwasha mashine, wapi!

Kilichonifungua macho ni jina. Ukitulia kutazama, ile kompyuta moja ilisomeka UHASIBU-02, baada ya muda MAPOKEZI, kisha UHASIBU-02 tena, na anwani ya IP ikibadilika nayo. Mashine zote zilinakiliwa kutoka diski moja iliyokwisha kuwekwa ajenti, yaani kile kiprogramu kinachowasiliana na seva, kwa hiyo zote zilibeba namba moja ya utambulisho. Seva ilifuata namba hiyo, si jina.

Kwa kila mashine: simamisha huduma ya ajenti, hifadhi nakala ya rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio ya mashine (tafadhali usiruke hapa), futa humo namba ya utambulisho wa ajenti, kisha washa huduma. Ajenti itajitengenezea namba mpya. Isafishe hivyo hivyo pia diski ya asili unayonakili kutoka kwake, na ukishafuta usiiwashe ajenti humo kabla ya kunakili. Ikiwaka tu, inajipa namba nyingine na tatizo linarudi.