Siku moja maishani mwangu: napokea simu za polisi Uingereza

Saa kumi na moja alfajiri. Nje giza na ile mvua nyembamba ya mwezi wa tatu. Mume wangu ndo kwanza anaingia kutoka zamu ya usiku, kaniwekea chai kwenye chupa na pembeni bahasha, bili ya halmashauri ya 2025. Wenyewe wanaiita kaunsil taksi, na ndani yake kuna mstari umeandikwa kabisa POLISI, na kiasi. Mwaka huo wa 2025 maeneo mengi yaliruhusiwa kuongeza pauni zisizozidi 14 kwa nyumba ya daraja D, yaani daraja la thamani linalotumika kama kipimo. Watu wengi wanaupita tu ule mstari, mie siupiti maana ndo unaonilipa.

Wa nyumbani nifafanue kidogo. Kwetu Tanzania Jeshi la Polisi ni moja, IGP mmoja, kila mkoa na RPC wake, hela inatoka serikalini basi. Huku England na Wales kuna majeshi 43 ya maeneo, kila moja na mkuu wake na bajeti yake, hela nyingine inatoka serikali kuu nyingine inatoka kwenye hizi bili za wananchi. Sasa shida iko hapo. Kule Surrey, kusini kwa wenye nazo, zaidi ya nusu ya hela ya polisi inatoka kwa wakazi wenyewe, lakini Northumbria huku kaskazini ni kama moja ya tano tu, nyumba za thamani ndogo, hata ukipandisha unaambulia kidogo. Kwahiyo serikali kuu ikibana mkono, maeneo maskini ndo yanaumia zaidi, na mara nyingi hukohuko ndo simu nyingi. Mwaka 2015 walitaka kubadilisha ile fomula ya mgao, ikagundulika wametumia takwimu zisizo sahihi, wakaahirisha.

Saa moja kamili nimeshavaa hedfoni. Naangalia skrini, matukio yanayosubiri askari ni 58, na bado watu hawajaamka vizuri. Simu za 999, yaani namba ya dharura, tunatakiwa 9 kati ya 10 zipokelewe ndani ya sekunde 10, na kupokea tunapokea, tunajitahidi sana. Kupokea sio tatizo. Tatizo ni nani nimtume.

Kiti cha kushoto kwangu amekaa askari. Namaanisha askari kabisa, kijana ameapa, amefundishwa kukamata, kuendesha gari kwa king'ora, pingu zake ziko kabatini. Anachapa ripoti. Kiti hicho kilikuwa cha mama mmoja raia kama mie, alikaa pale miaka 17, alistaafu na nafasi yake haikujazwa.

Saa tatu anapiga bibi, ana miaka 81, banda lake la bustani limevunjwa usiku, wamebeba baiskeli ya marehemu mumewe. Ananieleza hiyo baiskeli taratibu kabisa, ya kijani, kengele ya shaba, mzee alikuwa anaipaka mafuta kila Jumapili. Anauliza askari atakuja saa ngapi. Namwambia leo mama, tutajitahidi leo. Naiandika, inakuwa ya 64.

Saa nne mpaka saa sita ni mfululizo tu, ajali, mlevi, mtoto hajafika shule, sina hata la kusimulia.

Saa sita na dakika kumi. Hii nitaisema bila mtaa na nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike. Simu ya 999, mwanamke, Kiingereza chake kidogo sana, pumzi inapanda, maneno mawili matatu halafu kimya, halafu nikasikia kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, iko anapiga mulango." Jamani mwili ulinisisimka. Kiswahili cha Kongo kabisa. Utaratibu ni kuita mkalimani wa simu nami nikamwita, lakini huku nasubiri nikamwambia dada, nakusikia, naongea Kiswahili, niambie uko chumba gani. Kimya kidogo, nafikiri alidhani anaota. Akasema choo, na watoto wawili.

Nikaweka daraja la kwanza, la kufika mara moja. Nikaangalia ramani ya magari. Karibu naye kulikuwa na gari moja tu na hilo liko hospitali, askari wawili wamekaa tangu usiku na mgonjwa wa akili wanasubiri daktari ampokee, na huwezi kumwacha. La pili liko mji wa pili. Dispacha, yule anayepanga magari, akalitoa hilo. Mie kazi yangu ikabaki kuongea, na kila baada ya muda ananiuliza, "Banakuya, mama?" Wanakuja, dada. Nasikia kitasa kinavyotikiswa, nasikia mtoto anaimba kawimbo kadogo. "Banakuya?" Wanakuja. Dakika 23. Walifika, mlango ulikuwa umepasuka ila umeshika, wote wazima. Nikavua hedfoni nikaenda kusimama kwenye korido.

Dakika 23. Na yule kijana mwenye pingu kabatini alikuwa amekaa pembeni yangu muda wote ule, anasikia.

Saa nane tukala pamoja kantini, hakuwa na raha. Akaniambia angependa kuwa barabarani, ndo alichojiungia. Nikamwambia najua, sio kosa lako. Iko hivi: kuanzia 2010 serikali ilikata hela, askari wakashuka kutoka zaidi ya 143,000 mpaka kama 122,000, na raia wengi wa ofisini wakaondolewa nao. 2019 wakaahidi kurudisha askari 20,000, na kufikia Machi 2023 wakatimiza, idadi ikapita 147,000. Kwenye karatasi wamerudi. Lakini mpaka bajeti ya 2025 sehemu ya ruzuku ilikuwa imefungwa kwenye hiyo idadi ya askari, jeshi likishuka chini ya namba yake lilikuwa linapoteza hela, kwahiyo bajeti ikipungua ulikuwa huwezi kugusa askari, unagusa sisi raia, halafu askari anavuliwa doria anakuja kukaa kiti chetu, na mshahara wake ni mkubwa kuliko wetu. Mwananchi anasikia kwenye taarifa ya habari askari wameongezeka, anachungulia dirishani hamwoni hata mmoja. Hata wale wa mtaani wasio na mamlaka ya kukamata, PCSO, waliokuwa wanajua kila mtoto wa kona, wamebaki chini ya nusu ya walivyokuwa 2010. Sasa serikali imeahidi kuongeza askari na PCSO 13,000 wa mitaani, sawa, mie nauliza tu kwenye viti vya huku ndani atakaa nani?

Saa kumi sajenti kapita anaomba watu wa ovataimu. Nilikataa, nina watoto wa kuchukua, na kichwa kilikuwa bado kiko kwenye kile kitasa.

Saa kumi na moja kasorobo naangalia orodha kabla sijatoka. Banda la bibi bado liko pale, limesogea mpaka namba 31. Nikampigia mwenyewe. Nikamwambia mama, leo hakuna atakayekuja, samahani sana. Akasema alikuwa ameacha taa ya nje inawaka tangu saa tisa ili askari wasipotee nyumba. Akauliza, niizime?