Kisanduku Hiki Kakitaka Nani?

Leo nimeshinda Chake Chake, Pemba, na jedwali langu la ufuatiliaji wa mahitaji, lile linaloonyesha kila hitaji la mfumo limetoka wapi na nini kinalitegemea. Mfumo wa vituo vya kununulia karafuu unatakiwa uwe tayari kabla ya msimu, na kijana anayeuandika, yuko Unguja, kaniletea orodha ya vitu vya kupunguza. Cha kwanza: kisanduku cha kujazia ukavu wa karafuu. "Uzito si upo, bro? Hicho cha nini?"

Nikaifuata namba ya kisanduku hicho jedwalini, kurudi nyuma. Ilinipeleka kwa mpimaji mmoja wa Wete. Mzee yule alizamisha mkono guniani hadi kiwiko, akachota karafuu za katikati, za juu hakuzitazama, akaipinda moja kwa kucha. Ikanyongeka, haikukatika. "Mwanangu, hii ukiilipia kilo leo, mwezi ujao ghalani kilo huzioni, na ukungu juu yake." Hitaji lile lilizaliwa na lengo la mteja mwenyewe: kilo zinazolipiwa zisipishane mno na kilo zinazouzwa. Kwa mbele, hesabu ya daraja na bei inakitegemea kisanduku hicho hicho, na majaribio yake yameshaandikwa. Nikamtumia kijana mistari hiyo tu. Hakubisha.

BABOK, mwongozo wa IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara, katika toleo la tatu la 2015, unataja uhusiano wa namna hii: hitaji kuzaliwa na jingine, kulitegemea, kutimizwa na sehemu ya mfumo, kuthibitishwa kwa jaribio. Sawa. Ila safu ninayoithamini mimi ni ya sababu, na ndiyo watu wanayoiacha tupu. Jina la aliyesema bila sababu yake halikusaidii siku ya kubishana.

Kisanduku cha simu ya pili ya mkulima nacho nimekifuata, hakina mwenyewe. Mhasibu kanirusha kwa katibu, katibu kanirudisha kwa mhasibu, mwisho mmoja akasema, "Labda kilikuwamo kwenye fomu ya karatasi." Basi hicho ndicho kiondoke, kijana naye apate chake.

Jioni nikalisoma jedwali kinyume, kutoka malengo kuja chini. Lengo moja linasema mfumo upokee karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake. Karafuu zina mistari tele. Makonyo, ambayo watu hukesha wakiyachambua na ambayo hutolewa mafuta, hayana hata mmoja: wala kipimo, wala bei, wala jaribio. Kesho asubuhi Wete tena, kwa mzee wangu.