Jinsi nilivyokomesha swichi kuu kuruka wakati wa masika

Mvua za masika zilipoanza hapa Tanga, swichi kuu ya nyumba yetu ikawa inaruka, mara nyingi alfajiri, hata wakati hakuna kilichowashwa isipokuwa friji. Swichi hiyo hulinganisha umeme unaopita kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, nayo hukata kabla tofauti haijazidi miliampia 30. Kwa hiyo nilichotafuta ni uvujaji, yaani umeme unaotoroka nje ya waya hizo mbili, wala si mzigo mkubwa.

Nilichomoa vifaa, nikashusha breka zote ndogo, kisha nikazipandisha moja baada ya nyingine. Swichi iliruka friji ilipoanza kunguruma, ingawa friji hiyohiyo ilifanya kazi vizuri kwa jirani. Breka ndogo za kwetu hukata waya wa moto peke yake, hivyo nyutro iliyogusana na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) huendelea kuvujisha sehemu ya umeme wa vifaa vingine, hata breka yake ikiwa imeshushwa.

Wapo wanaoshauri swichi ya namna hii iondolewe. Ushauri huo ni wa hatari, kwani ndiyo inayomwokoa mtu aliyeguswa na umeme.

Fundi alizima umeme, akatenganisha nyutro kwenye bodi na kuzipima kwa volti 500 kuona ipi inavujisha. Ya taa za nje haikufikisha hata megaomu 1 ya ukinzani, ishara kwamba ndiyo iliyokuwa ikivujisha. Ndani ya taa ya getini tulikuta matone ya maji na kutu ya kijani kwenye viungio. Tulibadilisha waya na kufunga taa yenye mpira wa kuzuia maji, na swichi haijaruka tena.