Kuandaa mkutano wa pikipiki Moshi: kazi kubwa iko barabarani

Waandaaji wa mara ya kwanza ukiwauliza wamefikia wapi, watakutajia jukwaa, DJ na fulana. Hivyo vyote vinaweza kukamilika na mkutano bado ukaharibika. Mkutano wa kanda, unaokusanya waendesha pikipiki kutoka miji na nchi tofauti, huharibikia kwenye dirisha la forodha, kwenye pampu ya mafuta, na saa moja usiku kati ya Same na Mwanga wakati kundi la mwisho halijafika na simu hazipokelewi.

Hapa tunatumia Moshi kama mfano, kwa sababu inafikika kwa lami kutoka pande tatu: Nairobi kupitia Namanga na Arusha, karibu kilomita 350, Mombasa kupitia Voi na Taveta, karibu kilomita 300, Dar es Salaam kupitia Chalinze na Segera, karibu kilomita 560. Hesabu zetu ni za pikipiki 100 na watu 150, kuingia Ijumaa na kuondoka Jumapili.

Tarehe kwanza

Masika, Machi hadi Mei, yaacheni. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathon, na vyumba vya Moshi huwa vimeshakwisha. Nusu ya pili ya Desemba ndiyo mbaya kuliko zote: Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na barabara ya Dar hadi Moshi inajaa magari ya watu wenye haraka. Kinachobaki kizuri ni Julai hadi Septemba, kukavu na kwenye ubaridi. Anayelala kwenye hema aje na blanketi.

Msidanganyike na sikukuu za kitaifa. Siku ya Nyerere ni tarehe 14 Oktoba na Mashujaa ya Kenya ni tarehe 20, kwa hiyo mkichagua moja, upande wa pili unaomba ruhusa kazini. Angalieni pia Ramadhani inaangukia wapi kabla ya kutangaza lolote.

Muda wa njiani, kwa hesabu ya kweli

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Pikipiki yenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa haikufikishi Moshi mapema. Kuna vijiji vya kilomita 50 kwa saa, matuta, malori, na askari mwenye kamera ya mwendo nyuma ya mti. Wastani wa kundi kutoka Dar ni kilomita 60 kwa saa likiwa linatembea. Kilomita 560 ni saa tisa na dakika ishirini. Ongezeni vituo vinne vya nusu saa, mnapata zaidi ya saa kumi na moja. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mnaingia Moshi saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na jua linazama baada ya saa moja hivi. Pancha moja inaimeza hiyo saa yote. Ndiyo maana kundi la Dar lenye waendeshaji wapya linapaswa kulala Korogwe au Mombo siku ya Alhamisi, hata kama wazoefu watanuna.

Giza lina tatizo lake kila njia. Kutoka Voi kwenda Taveta barabara inapita Tsavo Magharibi, na tembo huvuka bila kuangalia kulia wala kushoto. Namanga hadi Arusha, jioni mifugo inarudi maboma. Karibu na Same upepo wa ubavuni kutoka milima ya Pare unaweza kumsogeza mtu mwenye masanduku makubwa ya pembeni hadi kwenye mstari wa katikati. Hapo nafasi kati ya pikipiki na pikipiki iongezwe mara mbili.

Vituo vya mafuta hupangwa kwa tangi dogo kuliko yote kwenye kundi. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina tangi la lita 15 na inaweza kupita kilomita 400. Harley Forty-Eight ina lita 7.9 tu, ikitumia lita 5 kwa kilomita 100, inakauka kabla ya kilomita 160. Basi hakuna mruko wa zaidi ya kilomita 120. Kwa njia ya Dar: Chalinze, Mkata, Mombo, Same. Mtu mmoja apige simu vituo hivyo siku moja kabla, aulize petroli ipo na umeme upo.

Halafu kuna foleni yenyewe. Kujaza, kulipa na kusubiri risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni dakika tatu kwa kila pikipiki. Pikipiki 40 kwenye pampu moja ni saa mbili zimeteketea. Dawa yake ni makundi ya sita au saba, yaliyoachana kwa dakika ishirini, na kila kundi lina mweka hazina mmoja anayelipa mara moja kwa wote. Wanaotoka Kenya wakumbushwe kubeba shilingi za Tanzania taslimu. Mtu akigundua dirishani kwamba simu yake hailipi, kundi zima linasimama.

Mpakani

Namanga na Holili, ukitokea Taveta, zote ni vituo vya pamoja vya mpaka: unasimama upande wa nchi unayoingia, unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili hapo hapo. Inasaidia, lakini haiondoi hesabu. Dakika kumi kwa kila mtu kwenye dirisha la forodha, watu 30, ni saa tano. Kwa hiyo makundi ya mpakani yaachane kwa angalau nusu saa, na barua iende kwa msimamizi wa kituo wiki mbili kabla, ikiwa na orodha ya majina, namba za pasipoti na namba za usajili. Barua haiwapi upendeleo. Inamfanya apange watu wa kutosha dirishani.

Kila mwendeshaji awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki. Wakenya wengi wamezoea kuingia Uganda kwa kitambulisho, wanadhani na Namanga ni hivyo hivyo. Awe na leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi halisi ya usajili wa pikipiki pamoja na nakala mbili, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima. Kadi hiyo hukatwa nyumbani, kwa kampuni ya bima uliyo nayo, kabla ya safari.

Kinachokwamisha watu kuliko vyote ni jina kwenye kadi ya pikipiki. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo ina jina la benki. Iliyoazimwa ina jina la rafiki. Ya ofisi ina jina la kampuni. Kila mmoja kati ya hawa anahitaji barua ya idhini yenye mhuri, na haipatikani Ijumaa asubuhi. Fomu ya kujiandikisha iulize swali hili siku ya kwanza: pikipiki ni ya jina lako?

Barua za polisi na manispaa

Wiki nne kabla, barua iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa na kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Iandikwe waziwazi kwamba hakuna mashindano ya mwendo kasi barabarani. Iwe na njia, saa, idadi ya pikipiki kwa kila kundi, na simu za watu wawili wanaopokea. Manispaa inahusika na uwanja na saa ya kuzima muziki, na muziki wenyewe una ada ya hakimiliki ambayo waandaaji wengi huikumbuka mkaguzi akishafika getini.

Jirani naye apewe taarifa. Ukiwa na hospitali, msikiti au kanisa ndani ya nusu kilomita, tangazeni mapema kwamba kuvuta mafuta pikipiki ikiwa imesimama, ili ekzosi ipige kelele, ni kutolewa nje. Mchezo huo haujawahi kumvutia mtu yeyote zaidi ya anayeufanya.

Kundi linavyotembea

Watu saba kwa kundi, wasizidi. Wa mbele anaijua njia, wa mwisho ni mzoefu mwenye vifaa vya pancha na simu yenye chaji. Mnajipanga mmoja kulia, mwingine kushoto ndani ya njia yenu, sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yako kwenye mstari wako. Wapya wanakaa nyuma ya kiongozi. Wakiwekwa mwishoni watalazimika kukimbiza, maana kila kundi huvutika na kunywea. Kwenye kona, mstari mmoja.

Kulipita lori ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Ajali ya kundi huanza pale wa nne anapomfuata wa tatu bila kuangalia mbele. Kiongozi akishapita aendelee na mwendo awaachie nafasi wa nyuma, asirudi kwenye mstari na kupunguza ghafla mbele ya lori.

Himo ndipo kundi la Mombasa linapokutana na la Dar, chini ya kilomita 30 kabla ya Moshi. Wekeni mtu pale mwenye daftari kuanzia saa saba mchana, arekodi kila kundi na idadi yake. Likija la watu sita wakati liliondoka na saba, mnajua mapema.

Gari la msaada

Pickup moja kwa kila njia, yenye ubao wa kupandishia na mikanda minne ya kukazia kwa kila pikipiki. Mikanda ya mbele inakazwa mpaka shokapu ishuke nusu. Ikilegezwa, pikipiki inaruka kwenye tuta na mkanda unachomoka. Ikikazwa mpaka mwisho, sili za shokapu zinapasuka na mafuta yanavuja.

Ndani ya gari: tyubu za inchi 17, 18, 19 na 21; vijiti vya mpira vya kuziba tairi zisizo na tyubu; pampu ya umeme; viungo vya cheni za 428, 520, 525 na 530; fyuzi za ampea 10, 15 na 20; kebo ya klachi ya kuunga; oili lita 4; waya na mkanda wa umeme. Mafuta ya breki ni DOT 4, ila Harley nyingi za kabla ya 2005 zinatumia DOT 5 ya silikoni, na hizo mbili hazichanganywi. Soma kifuniko kabla ya kumimina.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe kwa mtu wa mwisho wa kila kundi, maana gari linaweza kuwa nusu saa nyuma. Majeruhi asivuliwe kofia ngumu kama anapumua vizuri. Uwanjani gari la wagonjwa lisimame karibu na geti, na dereva awe ameipita njia ya kwenda hospitali ya KCMC mchana, aijue.

Uwanja

Nyasi nzuri huangusha pikipiki. Pikipiki ya kilo 250 imeegemea stendi ya pembeni yenye ncha ya upana wa vidole vitatu. Umande wa usiku unalainisha udongo, na alfajiri mnasikia kishindo, kisha kingine, maana moja inaangukia ya pili. Kateni plaiwudi ya milimita 12 vipande vya sentimita 10 kwa 10, vipande 120, na kila anayeingia getini anapewa kimoja akiweke chini ya stendi. Seremala anavikata kwa mchana mmoja. Kwenye mteremko pikipiki ielekee juu, ikiwa kwenye gia ya kwanza. Kati ya pikipiki na pikipiki pawe na mita moja na nusu.

Maji ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani lita 3,000 kwa watu 150. Simtank ya lita 5,000 ijazwe kila asubuhi, kabla haijaisha. Vyoo: tundu moja kwa watu 20 mpaka 25, na taa. Ulinzi wa maegesho wapeni chama cha bodaboda cha eneo hilo, kwa malipo na vizibao vya kuakisi mwanga. Wanajua kila uchochoro, na wanatambua pikipiki inayosukumwa na asiye mwenyewe.

Chakula kisiwaumize kichwa. Gramu 400 za nyama mbichi yenye mfupa kwa mtu ni kilo 60 kwa mlo, karibu mbuzi watano. Mtori asubuhi. Kama kuna kitimoto, yaani nguruwe, jiko, visu na wachomaji wawe mbali kabisa, na wasiokula nyama wapikiwe sufuria yao, si kuambiwa wachukue wali na kachumbari.

Bia ina utaratibu mmoja tu: funguo kwanza. Anayetaka kunywa anakabidhi ufunguo, unafungwa namba, anavalishwa mkanda wa mkononi wenye namba hiyo, na baa haimhudumii asiye na mkanda. Funguo zinarudi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na anayeyumba anaambiwa akapate supu kwanza.

Mchezo wa Jumamosi unaofaa pikipiki zote ni wa mwendo wa polepole: njia ya mita 20 kwa upana wa mita moja, wa mwisho kufika ndiye mshindi, anayegusa chini ametoka. Boda ya cc 150 inaishinda ile ya bei ya gari. Injini zinazopozwa kwa hewa zipumzishwe baada ya raundi tatu, na klachi pia.

Fedha

Gawanyeni gharama zisizobadilika kwa theluthi mbili ya watu mnaowatarajia. Kwa mfano, uwanja, ulinzi, vyoo, muziki na gari la wagonjwa zikiwa shilingi 6,000,000, gawanyeni kwa 100, si kwa 150: ni 60,000 kila mtu. Ongezeni chakula na maji, tuseme 45,000, kiingilio ni 105,000. Wakifika wote 150, ziada ya 3,000,000 ndiyo inayolipa tela la kumrudisha aliyeharibikiwa. Pesa ziingie lipa namba ya chama, kamwe si simu ya mwenyekiti, na fulana zishonwe kwa waliolipa tu, saizi ikiwa imeandikwa kwenye fomu.

Jumapili kifungua kinywa kianze saa kumi na mbili na kundi la Dar litoke la kwanza, saa moja, walioshindwa kuamka waunganishwe na gari la msaada. Mtu wa Himo na daftari lake awepo tena.